Mteja Hai

Palikuwa na nchi, na nchi hiyo ilikuwa na jina zuri, la silabi nne, lenye kuimbika. Sitalitaja. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe liliingizwa kwenye mkataba, ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, pamoja na bendera, milima miwili na salamu ya "hujambo", na tangu hapo anayelitaja hukatwa salio. Wenyeji walizoea upesi. Wakiulizwa wametoka wapi husema, "Huku kwetu," na mgeni akielewa sawa, asipoelewa sawa.

Mkataba huo ulikuwa baina ya serikali na kampuni ya simu iitwayo Mnara Mmoja. Ulitiwa saini uwanjani, mchana kweupe, maana serikali ile haikuwa na siri. Waziri wa Mawasiliano na Ukimya, Mheshimiwa Mkumbukwa, alipanda jukwaani na simu mpya ya kioo kipana, akaiinua juu kama mtu anayewaonyesha ndugu mtoto mchanga.

"Ndugu wananchi," alisema, "mpaka jana nchi hii ilikuwa na mitandao minne. Mtu mmoja, laini nne! Leo huku, kesho kule, kisa ofa. Huo ni umalaya wa mawasiliano, na serikali yenu sikivu haiwezi kuufumbia macho. Kuanzia leo kila simu itakuwa na mume mmoja."

Watu walipiga makofi mengi sana. Ilikuwa imetangazwa kwamba mpiga makofi atapewa dakika mbili za bure.

Na kweli simu ziliozwa. Kila mtu alipeleka yake kwenye hema la kampuni, ikafungwa isishike mtandao mwingine wowote, ikapewa cheti cha ndoa chenye picha yake, ya mbele na ya ubavuni. Aliyetaka kuhama aliruhusiwa kuomba talaka, kwa kuwa nchi ilikuwa huru. Talaka ikitoka, simu ilikaa eda miezi mitatu katika droo ya wizara, imezimwa na kufunikwa kitambaa cheupe, ili ijulikane kama haina salio la mume wa kwanza tumboni. Eda ikiisha mwenye simu aliitwa, akaarifiwa kwamba hakuna mume mwingine nchini, akairudisha kwa yule yule kwa mahari mapya.

Sharti lililoibana kampuni lilikuwa moja tu, nalo Waziri alijisifia kwa mwezi mzima. Mnara Mmoja ungekuwa peke yake nchini kwa muda wote ambao wateja hai hawapungui milioni tisa. Hai hapa ni hai ya ofisini, kama tunavyosema mwanachama hai wa ushirika, yaani mtu ambaye kadi yake imelipiwa. Haihusiani na pumzi. Lakini karani aliyechapa sheria alikuwa na haraka ya kwenda kula. Akaona si vizuri nchi moja kuwa na watu hai na wateja hai, itawachanganya mahakimu, na kila palipoandikwa "mtu hai" katika sheria zote akaweka "mteja hai". Bunge lilipitisha bila kusoma, kwa kumheshimu karani.

Ndivyo daftari la vizazi na vifo lilivyohamia kwenye kaunta ya kampuni. Salio likimwishia mtu, alihesabiwa amefariki mpaka aongeze. Kuna mzee mmoja lilimwishia akiwa shambani, akarudi nyumbani akakuta wanawe wanagawana mbuzi wake. Aliwasalimu, wakamwitikia kwa adabu, ila mbuzi hawakuwarudisha mpaka alipokwenda dukani kufufuka. Wawili walikuwa wameshachinjwa kwa ajili ya hitima yake. Naye alikaa akala, maana nyama ni nyama.

*

Somoe hakuwa mtu wa mikataba. Alikuwa muuza vitumbua mbele ya makao makuu ya Mnara Mmoja, jiko lake likiutazama mlango ambao watu waliingia wamekasirika na kutoka wamesaini. Mumewe, Mshamu, alikuwa mchimba mitaro. Kampuni ilipotaka kupitisha waya wake chini ya Bonde la Chumvi, mwendo wa siku mbili kwa lori kutoka mjini, ilichukua wanaume arobaini, Mshamu akiwamo. Kila mmoja alipewa sururu, buti na simu ya kioo kipana. Sururu na buti vilikuwa vya kuazima. Simu ilikuwa yake mwenyewe, kwa mkataba wa miaka mitano unaokatwa kwenye mshahara.

"Miaka mitano!" Somoe alisema alipoiona. "Mshamu, hata mimi hukuniahidi miaka mitano."

"Wewe nilikuahidi maisha," Mshamu alijibu. "Hii mitano tu, vumilia."

Sasa, katika nchi ile mwenye akili zake hakupiga simu. Alibipu. Unapiga, inalia kwa mwenzio, unakata kabla hajapokea. Hukatwi kitu na habari imefika. Mlio mmoja, nimefika. Miwili, sijambo. Mitatu, nina shida, nipigie. Watu walichumbiana kwa bipu, wakagombana kwa bipu na kupatana kwa bipu. Na bipu haipokelewi, hata mtoto wa chekechea anajua. Anayepokea bipu anamla mwenzie salio, na Somoe alikuwa amelelewa vizuri.

Mshamu alibipu kila alasiri baada ya kuweka sururu chini. Miwili, sijambo. Ila kidole gumba chake kiliwahi kupondwa na jiwe, hakikuwa chepesi kwenye kioo, na kila siku alichelewa kukata. Mlio wa tatu ulianza, ukafia njiani. Wala hakuwa na saa maalumu. Leo saa kumi kasorobo, kesho saa kumi na moja, maana Mshamu na saa walikuwa bado hawajatambulishana. Somoe akisikia kile kipande cha mlio wa tatu alitabasamu peke yake. Wanunuzi, wakidhani wanatabasamiwa wao, waliongeza vitumbua viwili.

*

Jumatano moja bipu haikuja. Somoe alingoja mpaka makaa yakawa majivu, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mumewe aondoke. Alimpigia. Simu ililia mpaka ikajikata. Akapiga tena. Mara ya tatu, huku inalia sikioni mwake, alisema kwa sauti, "Haya, kaa nayo hiyo simu yako ya kioo, na huyo anayekuzuia kuipokea mkae naye!" Alhamisi akapiga, ikalia. Ijumaa akapiga, ikalia.

Jumamosi haikulia. Zamani mashine ingemwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa, lakini Waziri alikuwa amelipiga marufuku neno hilo, kwa hoja kwamba chini ya mnara mmoja hakuna mahali mtu asipopatikana. Sauti nyororo ya kike ikasema, "Mteja unayempigia anapatikana. Tafadhali ridhika."

Jumapili, saa kumi kamili, simu ya Somoe ikalia. Milio miwili, kisha kimya.

Jirani yake Esha, ambaye mumewe Chande naye alikuwa mtaroni, alikuja mbio kanga ikimvuka. "Umepata? Mimi nimepata, shoga! Sasa hivi! Hata Chande kanibipu leo!"

"Nimepata."

"Sasa mbona umekaa kama aliyemwagikiwa mafuta?"

"Ilikuwa miwili."

"Si ndiyo sijambo?"

"Miwili kamili, Esha. Imekatwa kwa kisu."

Esha alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani wewe unataka mume abipu kwa makosa ndiyo uridhike? Ama kweli mpewa hakomi."

Jumatatu, saa kumi kamili, milio miwili. Jumanne vivyo hivyo. Muuza duka wa jirani akaanza kurekebisha saa yake ya ukutani kwa simu ya Somoe. Somoe mwenyewe alianza kuiogopa saa kumi. Ikikaribia, alisahau kugeuza vitumbua, vikaungua upande mmoja. Hicho kilichokuwa kikimpigia kiliijua namba ya Mshamu, kikaijua na desturi ya Mshamu. Kidole cha Mshamu ndicho hakikukijua.

Alitaka kuambiwa jambo moja, mumewe yu hai au amekufa. Kama yu hai, atamngoja. Kama amekufa, basi aliliwe, asomewe, na yeye akae eda yake kama wanawake wote waliofiwa tangu dunia iumbwe. Hakuona kama ameomba makubwa.

*

Alikwenda Dawati la Uhai, ghorofa ya pili ya makao makuu. Afisa Uhai, Bwana Tindwa, alikuwa mtu mzima mwenye miwani na tai ya rangi ya kampuni, na miaka mingi alikuwa akinywea chai vitumbua vya Somoe.

"Mama Vitumbua!" alisema. "Leo umetuletea huku huku juu?"

"Leo nimekuja kuuliza, baba. Mume wangu, Mshamu, yu hai?"

"Swali zuri sana." Alibonyeza kompyuta, mwanga wa kijani ukamjaa usoni. "Hongera, mama. Ni hai. Na si hai hivi hivi. Ni hai wa daraja la dhahabu."

"Umemwona?"

"Namwona hapa."

"Nasema yeye mwenyewe. Mwili wake."

Bwana Tindwa alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai. "Mama, mwili ni kifaa. Kampuni haishughuliki na vifaa vilivyopita muda wa dhamana. Sisi tunashughulika na mteja. Na mteja huyu, jana saa kumi kamili, alifanya mawasiliano. Nikuulize, maiti hufanya mawasiliano?"

"Hapana."

"Umejijibu mwenyewe."

Hata hivyo alikuwa mtu wa huruma, akampigia Mshamu hapo hapo, kwa spika, ofisi nzima ikisikia. Mteja unayempigia anapatikana, tafadhali ridhika.

"Umeridhika?" aliuliza Bwana Tindwa.

"Bado."

"Basi hilo," alisema huku akiandika, "ni tatizo la upande wako." Akamtolea cheti cha uhai wa mumewe, kikiwa na muhuri, akanunua vitumbua vitatu, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

*

Wiki ya tatu mtu alisimama mbele ya jiko, amekonda, buti hazina kamba. Somoe hakumjua mpaka aliposema, "Shemeji." Alikuwa Likwata wa mtaa wa pili, aliyepanda lori moja na Mshamu.

Somoe alimpa kitumbua cha moto. Likwata alikishika tu, hakukila, na mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Mtaro ulibomoka," alisema. "Jumatano ile, asubuhi. Mimi nilikuwa nimetumwa maji. Narudi nakuta ardhi tambarare, kama hapajawahi kuchimbwa kitu. Watu thelathini na tisa, shemeji. Msimamizi akapiga simu makao makuu. Wakamwambia asifukue. Waya ulikuwa umeshapita, na kufukua kungeukata."

"Mshamu?"

"Alikuwa katikati."

Somoe aliendelea kugeuza vitumbua. Mikono ilijua kazi yake, yeye mwenyewe hakuwapo.

"Tulibaki pale siku tatu kungoja lori," alisema Likwata. "Shemeji, zilikuwa zinalia."

"Nini?"

"Simu. Mifukoni mwao, huko chini. Unakanyaga, unasikia ardhi inalia. Moja hapa inanyamaza, nyingine kule inaanza. Na bonde lile lina mtandao kuliko mahali pote, mnara uko pale pale. Msimamizi alijitia pamba masikioni. Mimi sikuwa na pamba. Siku ya tatu zikaanza kupungua, chaji inaisha hii, inaisha ile. Ya Mshamu nilikuwa naijua, ule mlio wake wa jogoo. Iliwika Jumatano jioni, mara tatu mfululizo. Ikawika Alhamisi. Ijumaa ikawika kwa mara ya mwisho."

Somoe aliweka kijiti chini. "Nilikuwa mimi," alisema. "Likwata, nilikuwa mimi."

Watu walipita, wakauliza vitumbua, hawakujibiwa. Likwata alisema kwamba alitia saini asiseme, akapewa dakika elfu moja kama ahsante. Mpaka leo hajazitumia hata moja, maana wote aliozoea kuongea nao walikuwa mtaroni.

Ikafika saa kumi. Simu ya Somoe, iliyokuwa juu ya kigoda, ikalia mara mbili na kunyamaza. Likwata alisoma jina kwenye kioo. Alitoka mbio bila kuaga, buti moja ikabaki pale pale jikoni, na hakurudi kuifuata.

*

"Nataka mume wangu awe amekufa," Somoe alimwambia Bwana Tindwa kesho yake.

"Mama, maneno gani hayo? Unataka kumuua mteja?"

"Amekufa, baba. Mtaro umemfukia. Nataka kumlilia."

Bwana Tindwa aliinuka, akafunga mlango, akarudi na uso wa ndugu. Kwa sauti ya chini alimweleza mambo ambayo, alisema, si siri ila hayatangazwi. Namba ikikaa siku tisini bila kutumika, mtambo huifuta wenyewe. Zikifutwa nyingi, wateja hai hupungua milioni tisa, na kampuni hupoteza upekee wake, ukaja tena uhuni wa mitandao minne. Kwa hiyo, kwa moyo wa kizalendo, kampuni imenunua mashine ya kuwasaidia wateja wasio na nafasi. Kila siku huwabipia jamaa zao. Bipu tu, haina gharama.

"Kwa hiyo anayenibipu ni mashine."

"Anayekubipu ni mteja, akisaidiwa na mashine. Mzee akitembelea mkongojo, utasema umetembelewa na mkongojo?"

"Na mshahara wake?"

"Unalipia mkataba. Miaka mitano, mama. Bado minne na miezi minane." Akahesabu kwa vidole kuonyesha kwamba hafichi kitu. "Sikiliza. Mteja kama huyu hutoka kwenye uhai kwa njia mbili. Ya kwanza, aje hapa mwenyewe, atie kidole gumba, aombe."

"Nimekwambia amefukiwa."

"Basi aje na barua ya mtendaji wa kijiji alikofukiwa. Ya pili, dakika zake za mwezi ziishe. Lakini Mshamu ana dakika mia na ishirini, hazijaguswa hata moja! Atazimaliza vipi, na haongei? Mteja mtulivu. Laiti wangekuwa wote hivi." Akavaa miwani tena. "Na nakuomba sana, mama, usije ukamlilia. Kumlilia mteja hai ni kuichafua kampuni. Wiki jana tumeng'oa turubai la matanga kule bondeni, sufuria za pilau zikiwa bado motoni. Sikupenda, lakini kazi ni kazi."

Somoe alifika mlangoni, akageuka. "Dakika zake hukatwa akipiga yeye?"

"Akipiga yeye na akapokelewa."

"Na akibipu?"

"Bipu haipokelewi, mama," alisema Bwana Tindwa, akimshangaa mtu mzima kuuliza hivyo. "Nani hupokea bipu?"

*

Siku iliyofuata Somoe hakuwasha jiko. Alitandika mkeka uani, akaweka simu mbele yake na mtungi wa maji pembeni. Esha alikuja kumtazama kama ni mgonjwa. Somoe alimweleza yote aliyoyasikia kwa Likwata na kwa Bwana Tindwa, na Esha alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la kanga.

Saa kumi kamili simu ikalia. Mlio wa kwanza kidole cha Somoe kilikataa. Tangu azaliwe hakuwahi kumla mtu salio, na wa kwanza angekuwa mumewe. Mlio wa pili ulipoanza alifumba macho, akabonyeza.

"Umepokea!" Esha alipiga kelele, kama aliyemwona mwenzie amevua nguo barabarani. "Somoe, umempokea bipu!"

Upande wa pili palikuwa kimya, kimya cha chumba chenye mtu ndani. Kisha ile sauti ya kike ikasema, "Mteja asiposema kwa sekunde kumi, simu itakatika." Somoe akaelewa kwamba hatapewa hizo dakika bure. Itambidi azungumze, saa mbili nzima, na asinyamaze.

"Mshamu," alisema. "Ni mimi. Sijui niseme nini, sisi tumezoea milio."

Akaanza na ya nyumbani. Bati la jikoni limezibwa. Toroli amelichukua mdogo wako, kasema ni la urithi, nikamwambia urithi wa nani, mtu ana cheti cha uhai. Mchele umepanda. Ile kanga nyekundu uliyoitafuta mwaka mzima haikuibiwa, nilimpa Esha, huyu hapa ameivaa. Mchuzi wako wa kamba siku ile ya Idi nilisema mtamu. Haukuwa mtamu, Mshamu. Nilikula kwa sababu ulikuwa unaniangalia. Alicheka, akanywa maji haraka, akihesabu sekunde.

Alizungumza mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye mkeka. Sauti ilimkauka. Aliimba alipokosa maneno, akasoma kwa sauti maandishi ya mfuko wa unga, akarudia siku walivyokutana, mara ya kwanza kama ilivyokuwa na mara ya pili kama alivyopenda iwe. Sauti ya kike iliingia na kutoka. Zimebaki dakika sitini. Zimebaki dakika ishirini. Zimebaki dakika tano.

Hapo alinyamaza.

Alikuwa amegundua kwamba akikaa kimya sekunde kumi tu, simu itakatika na dakika tano zitabaki. Kesho saa kumi Mshamu atabipu. Na keshokutwa, na mwezi ujao utakuja na dakika mpya. Miaka minne na miezi minane atakuwapo mtu wa kumwambia sijambo kila siku ya Mungu. Alihesabu moyoni. Tatu. Nne. Alimtaka mumewe, alimtaka hata hivyo hivyo, hata wa mashine. Sita. Saba.

"Mshamu," alisema, "Jumatano ile ni mimi niliyekupigia. Nilikutukana. Kama ulisikia inalia na hukuweza kuinua mkono, ujue alikuwa mkeo, na hasira zile zilikuwa za kukutaka wewe. Nipe radhi. Mimi nimekupa zote, za dunia na za akhera. Lala, mume wangu. Umechoka. Lala sasa."

Somoe husema kwamba hapo alisikia pumzi, mtu anashusha pumzi ndefu kama anayevua buti. Esha alisema ni upepo. Kampuni ilipoulizwa baadaye ilijibu kwa barua kwamba mashine zake hazina mapafu. Vyovyote ilivyokuwa, simu ikakatika.

Mara ujumbe ukaingia. "Ndugu mteja. Mteja Mshamu si hai tena. Kumhuisha, bonyeza 1."

Katika lugha ya ofisi kuhuisha ni kulipia upya. Somoe aliusoma kwa lugha ya nyumbani, na kidole chake kilikaa juu ya ile moja muda mrefu sana. Kisha aliizima simu, akavuta pumzi, na ukelele alioupiga ulifika hadi ghorofa ya pili ya makao makuu, ambako Bwana Tindwa aliangalia kompyuta yake, akaona namba imekuwa nyekundu, akaandika: kilio halali.

*

Matanga yalifanyika kwa turubai na pilau, na hayakung'olewa. Bwana Tindwa alikuja mwenyewe kutoa pole za ofisi. Alikula, akasifu pilau, kisha akasimama na kuwaomba akina mama waliohudhuria wasije wakaanza kupokea bipu ovyo, kwa sababu nchi ilikuwa imebakiza wateja kumi na saba tu juu ya milioni tisa. Alilisema kwa unyenyekevu mkubwa. Alipoondoka alifungiwa pilau ya kumpelekea mkewe.

Siku ya tatu alasiri wanawake walikuwa uani wakichambua mchele. Somoe alikaa ndani ya kizingiti, nguo nyeupe za eda mwilini, macho yamevimba, na usoni ana utulivu wa mtu aliyelala. Esha alikuwa karibu naye na ungo mapajani.

Saa kumi kamili, ndani ya fundo la kanga ya Esha, simu ililia. Mara mbili. Nyungo zote zikasimama. Hapakuwa na hata mmoja pale ambaye hakujua ni nini.

Esha alifungua fundo, akatazama kioo, uso ukamchanua. "Chande huyo," alisema. "Hajambo."

"Esha," Somoe alimwita polepole.

"Najua, shoga. Nilikuwapo, nilisikia yote." Hakuinua macho. "Lakini mwenzangu, wako alikubipu kila siku akiwa mzima. Wangu, miaka tisa ya ndoa, hakunibipu ila siku anayotaka hela. Leo ananikumbuka kila siku, saa kumi kamili, hakosi. Nimpokee ili iweje?"

Esha aliirudisha simu kwenye fundo, akalikaza, akavuta ungo karibu na kuendelea kutoa mawe kwenye mchele.